Mistari ya Upande wa Mama

Saa nne asubuhi kikapu cha tatu cha mashuka ya wodi kilikuwa bado kimejaa. Dobi na binti yake walisimama uso kwa uso, kila mmoja na pembe mbili mkononi. Walivuta, wakakung'uta, wakakunja. Binti alisema mstari wa kwanza wa Kanuni ya Imani, mama akaitikia wa pili, binti akachukua wa tatu. Hawakuinua sauti.

Utaratibu huo aliuanzisha bibi, mama mzazi wa dobi, aliyefua katika chumba hichohicho cha hospitali mpaka mgongo ukamkatalia. Hakujua kusoma, lakini aligundua kwamba Kanuni moja inatosha mashuka matatu, na kwamba mtoto aliyeshika pembe hana pa kukimbilia. Alikuwa akisema kwamba nguo na mtoto vinatakata kwa maji yaleyale.

Mwaka huu mfanyakazi mwenza wa dobi alipunguzwa kazi na nafasi yake haikujazwa. Msimamizi alijifanya haoni kwamba kila Jumamosi msichana wa miaka kumi na minne anashika upande wa pili wa shuka bila mshahara. Jumamosi ndiyo siku ya mafundisho ya kipaimara. Binti alikosa mara kumi na moja, na katekista, ambaye waumini walimwita Mzee Rejista kwa sababu hakuonekana popote bila daftari lake, alikuwa ameziandika zote. Hata hivyo alikubali kumtahini leo saa nane, mara moja tu. Kesho askofu anakuja, na akishaondoka hatarudi kabla ya miaka mitatu.

Dobi aliomba ruhusa ya saa moja. Msimamizi alijibu kwamba mashuka ya wodi hayamsubiri askofu, kisha akalegeza kidogo: waende, ila warudi wamalize.

Walifika ofisi ya parokia vidole vikiwa vimekunjamana kwa maji. Watoto waliotangulia waliitiririsha Kanuni bila kuvuta pumzi. Ilipofika zamu yake, binti alisimama akaweka mikono mbele kidogo, kama aliyeshika kitu. Alisema mstari wa kwanza kwa sauti safi. Akanyamaza. Akasema wa tatu. Akanyamaza tena, akasema wa tano.

Katekista aliinua kalamu. "Umeruka."

"Sijaruka, mwalimu. Hapo ni pa mama."

Wazazi kwenye benchi walicheka. Dobi hakucheka. Siku zote alidhani amempa mtoto sala nzima, kumbe amempa nusu. Kanisani hakuna aliyeligundua hilo, maana sauti za watu mia tano humbeba aliyepungukiwa.

Aliinuka akaeleza habari ya mashuka. Mzee Rejista alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Halafu akamuuliza kama yeye mwenyewe anaijua yote.

Dobi alifungua kinywa, mstari wa kwanza ukagoma. Aliusema utotoni, enzi alipokuwa akimtazama mama yake ng'ambo ya shuka. Tangu alipochukua nafasi ya mama yake, kuanza ilikuwa kazi ya binti.

"Nimeshika pande zote mbili, mwalimu," alisema polepole, "ila si kwa siku moja."

Aliomba waseme pamoja, na katekista akaruhusu. Binti alianza, mama akaitikia, wakaenda hivyo bila kusita hata mara moja. Walipofika Amina, watu wawili watatu waliitikia nao.

"Ni nzuri," Mzee Rejista alisema, na ilionekana anamaanisha. "Lakini mtahiniwa husema peke yake. Humu kuna nafasi ya jina moja." Akaandika neno *arudie*, akakausha wino kwa karatasi. Akamshauri dobi amlete mtoto kwenye mafundisho bila kukosa.

"Jumamosi tunafua."

"Basi fueni siku nyingine, mama."

Dobi alitaka kumwambia kwamba zamu hapangi yeye, lakini kijana mwingine alikuwa ameshaitwa.

Walirudi hospitalini. Kikapu cha tatu walikikuta kama walivyokiacha, na cha nne kimeletwa kando yake. Binti alichukua shuka la juu, akazunguka, akasimama mahali anaposimama mama yake kila siku.

"Mbona huko?"

"Nataka na mistari yako. Anza wewe."

Dobi alivuta shuka mpaka likakaza, na mstari wa kwanza ukaja, mzima. Binti alijibu wa pili, akakosea neno moja. Mama alimrekebisha. Wakaanza upya.

"Mama, miaka mitatu ni mashuka mangapi?"

"Mengi," mama alisema. "Shika pembe."