Kisanduku Kitupu cha Dahabo

Makro ile, programu ndogo ya kompyuta, niliiandika mwenyewe, na nilijisifu nayo mpaka watu wakanichoka. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mafuriko ya El Niño yamepungua, na ofisi yetu ndogo ya misaada hapa Garsen ilikuwa na kompyuta moja, jenereta moja na Lorna mmoja. Lorna ndiye mimi, binti wa wakulima wa Golbanti. Nilisomea kompyuta miezi mitatu Malindi, nikarudi natembea kama niliyeivumbua.

Kazi ya makro haikuwa ngumu kueleza. Huka, karani wetu wa kuandikisha, alikwenda makambini akaandika jina la kila mwenye nyumba na idadi ya watu anaowalisha. Mimi niliyaingiza hayo kwenye jedwali. Makro ilipita mstari kwa mstari, ikazidisha idadi kwa kilo za mahindi, ikatoa orodha ya mgao. Jina lako likiwamo, unapata. Lisipokuwamo, unarudi nyumbani na gunia tupu.

Asubuhi ya mgao wa pili aliingia mama wa Kiorma aitwaye Dahabo, mjane, tope mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kambi ya wafugaji, ambako orodha ilibandikwa jana yake ukutani mwa duka.

"Jina yangu hapana," alisema. "Ya jirani hapana. Nusu ya kambi, hapana."

"Mama, kompyuta haikosei," nikamjibu bila hata kuinua macho. "Labda hamkujiandikisha."

"Mimi najiandikisha. Huka naandika, mimi naona kalamu."

"Basi kuna mtu anasema uongo."

Nilisema hivyo, na mdomo wangu bado unaniaibisha. Dahabo hakugombana. Alikaa kwenye benchi, akakunja mikono, akasema, "Mimi nangoja."

Bwana Mwaro, mkubwa wetu, alichungulia mlangoni. "Lorna, lori linaondoka saa nane. Likiondoka halirudi mpaka wiki mbili, barabara unaijua. Asiye kwenye orodha nitamgawia nini?"

Nikachukua daftari la Huka nikahesabu. Nyumba mia moja thelathini na moja. Nikaihesabu orodha iliyochapishwa: hamsini na saba. Nyumba sabini na nne, na watoto wake, zilikuwa zimepotelea ndani ya mashine yangu.

Hata hapo sikujishuku. Nyani haoni kundule. Niliilaumu printa kwamba imemeza karatasi. Nikailaumu disketi. Nikamlaumu Huka na mwandiko wake wa miguu ya kuku, na Huka, kwa upole wake, akasema, "Dada Lorna, hebu tazama kwanza ulichoandika wewe."

Nilinuna, lakini nikatazama. Kuna kitufe cha kuiendesha makro hatua moja moja, na mstari unaofanya kazi unawaka manjano. Nikabonyeza. Nyumba ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma, Huka anasoma majina begani kwangu. Ya hamsini na saba, sawa. Nilipobonyeza tena, ule umanjano ukaruka hadi mwisho wa makro, kazi imekwisha.

Mstari wa hamsini na nane ulikuwa na jina: Dahabo Galgalo. Kisanduku cha idadi kilikuwa kitupu.

Nikaelewa papo hapo. Mimi ndiye niliyeiambia makro: endelea mpaka ukute kisanduku kitupu, hapo ndipo mwisho wa orodha. Kule Malindi kila jedwali tulilofunzwa lilikuwa limejaa. Haikunijia akilini kwamba mtu aweza kuwapo na kisanduku chake kiwe kitupu.

"Huka, mbona hukuandika idadi?"

Akashusha sauti. "Kwetu Waorma mama hahesabu watoto wake kwa mdomo. Ni kuwaitia mabaya. Wengine walisemewa na waume au majirani. Huyu hana wa kumsemea, na mimi sikuweza kumlazimisha."

Dahabo alikuwa amesikia. "Kabla ya Huka alikuja karani mwingine," alisema. "Yeye nalazimisha mimi. Mimi nasema namba. Wiki mbili, mmoja napata homa, nakufa." Akatazama sakafu. "Sasa majirani nakosa chakula sababu ya mimi?"

"La, mama," nikasema. "Sababu yangu mimi. Wewe hujakosea kitu."

Bwana Mwaro alitazama saa yake. "Andika sita, twende."

Ingekuwa rahisi. Lakini sita haikuwa ya Dahabo, na kesho mama mwingine angenyamaza, kambi nyingine ikakatika. Nikaifungua makro. Nikaiambia ianze kwa kutafuta jina la mwisho kabisa kwenye safu ya majina, kisha ipite mpaka hapo, ikute tupu isikute. Nikaiendesha. Nyumba zote mia moja thelathini na moja zikatoka, na Huka akapiga makofi.

Nikatazama mstari wa hamsini na nane. Dahabo Galgalo: kilo sifuri.

Bila shaka. Kwa mashine, tupu ni sifuri, na sifuri mara chochote ni sifuri. Nilikuwa nimewaokoa majirani wote nikamwacha yeye aliyetembea kwa ajili yao. Ilikuwa saa saba na robo, na sikujua la kufanya. Ndipo nikafanya kilichonipasa tangu asubuhi: nikamuuliza.

"Mama, namba siitaki. Naweza kuwajua kwa njia gani?"

Akafikiri. Kisha uso wake ukalegea kidogo. "Majina si mabaya. Mtu naita watoto yake kila siku."

Nikafungua karatasi nyingine kwenye jedwali. Yeye akataja, mimi nikaandika, mmoja mmoja, kila mmoja mstari wake. Nuria. Bule. Tadicha. Wengine nawahifadhi moyoni, bila kuwahesabu. Alipofika kwa yule wa homa alitaja jina lake pia, kisha akasema, "Huyo hapana andika," nikalifuta polepole. Nikaongeza mistari miwili kwenye makro: ikikuta tupu, ihesabu majina kule, na mama mwenyewe naye. Hakuna binadamu aliyewahesabu watoto wale. Saa nane kasoro dakika kumi printa ilianza kulia, na mimi nikalia nayo.

"Nisamehe, mama. Nilikuita mwongo."

"Wewe napika uji moto, naungua mkono," alisema, akanishika bega. "Sasa inapoa."

Nilipanda lorini pamoja nao. Kule kambini Huka alisoma majina yote, na hapana aliyerudi na gunia tupu. Kila aliyepokea alitia dole gumba kwenye wino na kuligandamiza kwenye safu ya mwisho. Zamu ya Dahabo ilipofika, aliniuliza yeye yuko wapi. Nikamwonyesha mstari wake bila kuisoma namba.

"Na hii?"

"Hiyo ni idadi, mama. Imeandikwa na mashine."

Akachovya dole gumba kwenye wino, sana, akalishusha juu ya ile namba, akalizungusha mpaka ikazama yote.

"Si hapo!" Bwana Mwaro akafoka. "Safu ya mwisho!"

"Mwache," nikasema, na sijui nilitoa wapi ujasiri. "Amepokea, na sahihi ni yake."

Karatasi ile ninayo hadi leo. Nimefundisha vijana wengi kompyuta hapa Garsen, na kila darasa jipya nalianza na doa lile la zambarau. Huniuliza chini yake pameandikwa ngapi. Nawaambia sijui, na ninamshukuru Mungu kwamba sijui.