Harufu Inayowaita Nyigu

Mtama wa Marietha, kwenye shamba lake chini ya mlima wa Sekenke, ulikuwa umefika kiunoni majani ya katikati yalipoanza kukauka. Antipasi, mumewe, alivuta moja. Likachomoka kirahisi, limeoza chini.

"Funza wa mabua," alisema. "Tung'oe shamba zima tuchome, kabla hawajahamia kwa majirani."

Marietha alichukua kisu akapasua bua. Ndani alimkuta funza kwenye njia aliyojichimbia, amesinyaa. Ubavuni pake palikuwa na kitu cheupe kama pamba, vichembe vingi vimeshikana.

"Mayai yake hayo. Yaponde."

"Huyu amekufa, baba Editha. Maiti inatagaje?"

Akakitia kipande kile cha bua kwenye chupa, akaifunga mdomo kwa kitambaa cha khanga, akaiweka dirishani.

Siku ya nne asubuhi aliita kwa sauti iliyomleta Antipasi mbio na fimbo, akidhani ni nyoka. Chupa ilikuwa imejaa vidudu vyeusi vyenye mabawa, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi.

Mchana alipita Dina, bibi shamba wa kata yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo unitazamie hiki."

Dina aliiinua chupa kwenye mwanga, akatabasamu. "Hawa ni nyigu wadogo, mama. Mama yao alimfuata funza humo humo ndani ya bua, akamtagia mayai mwilini. Watoto wamemla kwa ndani, kisha wakatoka wakajisokotea vifuko hivi vyeupe."

"Alijuaje kama funza yumo? Mimi mwenyewe nilijua baada ya kupasua."

"Mtama ulimwambia. Ukitafunwa, unatoa harufu. Nyigu anaifuata hiyo mpaka kwenye bua lenyewe."

Marietha alikaa chini kwenye kizingiti. Miaka thelathini alikuwa amepalilia mtama, na siku zote hizo ulikuwa ukiita msaada juu ya kichwa chake, yeye hasikii kitu.

Walikwenda shambani wote watatu. Marietha alipofungua kitambaa cha chupa, nyigu walipotelea kwenye majani kama vumbi. Akainamia jani lililotobolewa, akavuta pumzi kwa nguvu. Alinusa majani mabichi tu. Akacheka, machozi yakimlengalenga.

Hawakuchoma shamba. Mavuno yalipungua, lakini chakula kiliwafikisha hadi mvua nyingine. Na Antipasi, kila alipokuta bua limekauka, alilipasua kwanza, taratibu. Akiona weupe ule alilirudisha pale pale, akalifunika kwa majani, kisha akamwita mkewe aje kuona.