Vijiti vya Leoncio

Mamajuana inatengenezwaje? Kila anayekuja hapa na chupa mpya ananiuliza hivyo hivyo, kama vile nitamjibu kwa neno moja. Keti, mjukuu wangu. Msogeze huyo kuku.

Mwanzo wa pombe yetu hii ni vijiti. Magome, mizizi na zile kamba za porini tunazokata juu kule mtoni, sio hivi vya pakiti wanavyowauzia wageni. Unatia mdalasini, unatia karafuu kidogo, na mzizi wa anamú, ule unaonuka kama kitunguu saumu. Huo usizidishe, ukizidisha umeharibu kila kitu. Unakausha kivulini, maana jua linaua harufu. Halafu unajaza chupa mpaka shingoni, unamimina ramu hafifu, ile unayoona haya kumpa mgeni, unaiacha ikae. Hiyo ya kwanza hainywewi. Chungu, itakukata tumbo. Unaimwaga. Hapo sasa vijiti vimeiva, ndio unatia ramu nzuri, mvinyo mwekundu na asali, unaziba, unasahau. Wengine wanaifukia ardhini. Kaka yangu Leoncio yake aliiweka nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye giza na joto la moto, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Ikipungua unaongeza ramu na asali juu ya vijiti vile vile. Vijiti havitupwi. Vya Leoncio alivikata marehemu baba yetu, na vilikuwa bado vinafanya kazi. Na kwetu huku ukianza chupa mpya unakwenda kwa mwenye chupa ya zamani, unamwomba kijiti kimoja, unakitia kwenye yako kiwafundishe wenzake. Leoncio aliwagawia watu wengi. Hakuwa mchoyo wa kitu chochote isipokuwa maneno.

Basi, alipokufa, mkewe Viges aliweka nadhiri. Viges ndiye shemeji yangu, mwanamke wa maneno machache pia, sijui walikuwa wanaongea nini wale wawili. Alisema mbele ya madhabahu ya matanga kwamba hatakaa mezani mpaka mwaka wa Leoncio utimie, na mpaka tone la kwanza la chupa yake limwagwe kizingitini kwa ajili yake, kama tunavyowafanyia wafu wetu. Mwaka mzima alikula amesimama jikoni, sahani mkononi, kwa nguo zake nyeusi. Ukimwambia shemeji kaa kidogo, miguu itavimba, anakwambia miguu ni yake.

Mwaka ukafika. Binti yao Yudelka akaja kutoka Madrid, huko anakofanya kazi ya kutunza wazee. Mtoto mzuri, mchapakazi. Asubuhi ya sala aliamka kabla yetu sote, akafagia uwanja, akatandika madhabahu kitambaa cheupe, akakoka moto wa sancocho, mchuzi wetu mzito wa nyama na mihogo. Mimi nilikuja na mihogo na viazi vikuu begani, na hata sijafika getini nikasikia harufu. Nikasimama. Ilikuwa harufu ya kaka yangu, mjukuu wangu, ile ya mdomo wake akikusalimia Jumapili. Nikafikiri labda ndiyo kuzeeka kwenyewe huku.

Ilitoka kwenye moto. Chini ya sufuria, katikati ya kuni, kilikuwa kimebaki kipande cha gome kinatoa moshi mtamu.

Nikaingia ndani. Juu ya madhabahu, mbele ya picha ya Leoncio, chupa yake ilikuwa inang'aa kama ya dukani, imejaa maji safi na maua meupe. Yudelka aliikuta nyuma ya mlango, imekauka nusu, maana hakuna aliyeigusa tangu msiba, vijiti vya juu vimeota ukungu. Akaona aibu, watu wanakuja. Akavitoa vyote, akavitia motoni, chupa akaisugua kwa sabuni na maji ya moto. Alitaka baba yake apate chombo kizuri cha maua.

Viges alikuwa amekwisha kuona. Alikuwa amesimama anaitazama ile chupa, hakumgombeza mtoto. Ningefurahi angemgombeza. Aliniambia tu, "Cirilo, leo watu wale, waende zao. Mimi nitaendelea kusimama."

Yudelka akalia. Alitaka kukimbilia mjini kununua pakiti na ramu. Nikamweleza hayo niliyokueleza wewe, kwamba vijiti vibichi ni uchungu mtupu mpaka vimwagiwe ile ramu ya kwanza, na hiyo si kazi ya asubuhi moja. Na hata vikiwa tayari si vya baba yake. Akauliza basi wale aliowagawia wako wapi. Nikaanza kuhesabu kichwani. Huyu amekufa, yule amehamia kwa watoto na chupa imevunjika njiani, mwingine ameokoka hanywi tena. Alibaki Nereo.

Nikataja jina nikajuta. Nereo na Leoncio walikuwa kompadre, Leoncio alimsimamia mwanawe ubatizo, na huo ni undugu usiochezewa. Lakini Leoncio alikuwa mwamuzi wa uwanja wa kupiganisha jogoo, na siku moja jogoo wa Nereo aligeuza mgongo katikati ya pambano. Leoncio akatangaza mbele ya watu wote kwamba amekimbia. Kwa mtu wa jogoo afadhali umtukane mama yake. Nereo akasema alijikwaa tu, Leoncio akasema jogoo hajikwai kuelekea nyumbani, watu wakacheka, ikaisha hapo. Hawakusalimiana tena. Hata kumzika hakuja.

"Hakuja kumzika," Viges akasema.

"Mama, niende?"

Viges akatengeneza ua moja kwenye ile chupa. "Njia ni ya watu wote. Siwezi kumkataza mtu kupita."

Yudelka akatoka na viatu vyake vya Madrid, akapanda mlima kwenda kwa Nereo.

Tukasali rozari, tukaimba, yeye bado. Tukaiondoa madhabahu, picha tukaitundika ukutani, Viges akaingia chumbani kuvua nyeusi, akatoka na gauni lake jeupe. Alikuwa amekonda sana ndani yake. Sancocho iliiva ikaanza kushika chini. Watu wakawa wanazungukazunguka meza, hakuna anayethubutu kuvuta kiti na mwenye nyumba amesimama. Doña Mélida, aliyetuongoza kusali, akaninong'oneza kwamba watakatifu wana subira, lakini tumbo lake si takatifu.

Ndipo tukawaona wanashuka. Yudelka mbele, viatu mkononi. Nyuma yake Nereo, kofia imebanwa kwapani, amebeba kitu kwenye taulo kama mtoto mchanga. Akafika getini akakwama hapo. Nilimsikia nzi kwenye casabe, ule mkate wa muhogo mezani.

Viges akaenda mpaka kizingitini, lakini hakukivuka.

"Komadre," Nereo akasema. "Chupa yenyewe hii, yenye kijiti chake. Nilikuwa naiongeza ramu vijiti visikauke, lakini tangu siku ile ya uwanjani sijainywa. Haishuki."

Viges akamwuliza swali moja tu.

"Yule jogoo, kompadre. Alikimbia?"

Nilidhani Nereo atageuka arudi kwake. Alimtazama Viges, akatazama picha ya kaka yangu ndani, pale ukutani.

"Alikimbia, komadre."

"Basi ingia umwambie mwenyewe."

Akaingia. Kizibo kikagoma, ikabidi nimsaidie. Akainama kizingitini akamimina tone, halafu jingine, na akasema jambo kwa sauti ya chini ambalo sikulisikia, na halikuwa langu kulisikia. Harufu ikapanda. Viges akafumba macho.

Kisha akachomoa kutoka chupa ile kijiti kimoja, cheusi, kinachuruzika, akampa Yudelka. Akamwambia ayamwage yale maji, maua ayapeleke makaburini, na hicho kijiti kianze upya nyuma ya mlango. Kwa hiyo ukiniuliza inatengenezwaje, inatengenezwa hivyo pia.

Halafu akavuta kiti cha Leoncio, akamwonyesha Nereo akae. Akavuta cha pili. Alishuka polepole, kashika ukingo wa meza, kama magoti yamesahau kazi hiyo. Alipokaa alikaa, akaomba sahani. Doña Mélida akakaa kabla hajaambiwa. Yudelka akapakua, na sisi wote tukavuta viti tukala.