Hema la Kumkwepa Wifi

Mama Pacha alikuwa na haja moja tu mwezi ule: kulala. Si kulala kwa kuibia, sikio moja kwenye mto na jingine kwenye chumba cha watoto. Alitaka kulala kisawasawa, mpaka jua limchome usoni aone haya mwenyewe. Tangu wazaliwe pacha wake, usingizi kwake ulikuwa kama mgeni mwenye haraka: anabisha, hakai. Binti aliitwa Nyundo kwa sababu alipiga, na kaka yake Msumari kwa sababu akishagandia kitu hang'oki. Majina hayo waliyapata kwa haki.

Basi mumewe, fundi bomba mpole asiyegombana hata na koki inayovuja, aliposema likizo hii waende wakapige kambi kando ya ziwa, Mama Pacha hakusikia ziwa wala kambi. Alisikia: siku mbili bila cherehani, bila wateja, bila mlango kugongwa.

Jioni ileile simu ikalia.

"Wifi! Nimesikia mnakwenda ziwani. Mimi begi langu nimeshalifunga."

Huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mlezi wa bweni la wasichana, mstaafu. Moyo wake ulikuwa mzuri na mkono wake mwepesi wa kutoa. Tatizo lilikuwa pua. Kukoroma kwake kulianza chini, kama gari linalokataa kuwaka, kukapanda mlima kwa gia nzito, kukafika kileleni kukanyamaza. Ukasema afadhali. Hapo ndipo kuliposhuka bila breki. Wanafamilia walimwita Jenereta, ila kwa kunong'ona, tena wakiwa wamefunga mlango.

Sasa, wifi mkubwa humwambii usije. Ukithubutu, habari zako zitasimuliwa kila harusi na kila msiba mpaka wajukuu wako waulizwe. Mama Pacha akatafuta wa kumsemea, akampata: hema lenyewe. Watanunua hema la watu wanne. Baba, mama, watoto wawili. Si yeye atakayemkataa wifi, ni hema. Nani atabishana na turubai?

Jumamosi wakapanda ngazi hadi duka la vifaa vya safari, ghorofani juu ya duka la viatu. Sakafu ilikuwa na zulia la majani bandia, na mahema yamesimamishwa juu yake kama kijiji kisicho na wenyeji. Mbele ya hema kubwa kuliko yote, mikono kiunoni, alikuwa amesimama wifi.

"Mmechelewa," alisema. "Mdogo wangu kanielekeza duka, nikawatangulia. Nimeshachagua. Hili la watu wanane."

"Shikamoo wifi," Mama Pacha alijibu. "Hilo ni ukumbi, si hema. Tutamkodishia nani?"

Alimgeukia muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zake. "Nionyeshe la watu wanne."

"Hili hapa mama. Hata limeandikwa."

"Watu gani?"

"Watu... wa kawaida."

"Hao wa kawaida wana mabega? Wanageuka wakilala, au wanapangwa kama dagaa?"

Muuzaji alicheka, kisha akaona mteja wake hacheki. Mama Pacha alishavua futi ya kupimia shingoni, ile asiyoivua hata siku ya mapumziko. Ushonaji ulimfundisha jambo moja: hakuna kitu kinachonunuliwa kwa macho. Mtu apimwe, aongezewe vidole viwili vya kupumulia, ndipo aseme kimemkaa. Na leo, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa akitafuta kitu kinachobana.

"Vueni viatu. Wote ndani. Mlale kama mnavyolala nyumbani."

Waliingia. Fundi bomba alilala mshazari, kama kawaida yake. Nyundo alitandaza mikono, Msumari akagandia ukuta, Mama Pacha akajibana mlangoni. Hapakubaki nafasi ya kupitisha sindano. Alitoa kichwa nje akiwa na uso wa huzuni aliouandaa tangu asubuhi.

"Wifi, unaona mwenyewe. Roho inaniuma, lakini tufanyeje?"

Wifi aliinama, akachungulia, akaguna. "Kwani mnalala kama mistari ya daftari? Nani kawafundisha kulala? Wewe, geuka. Kichwa kule, miguu huku. Nyundo, kichwa huku. Msumari, kule. Mzungu wa nne! Mimi nimelaza bweni zima hivyo siku mabati yalipoezuliwa na upepo."

Ndani ya kufumba na kufumbua walikuwa wamepangwa kichwa kwa miguu, miguu kwa kichwa, na wifi mwenyewe kajilaza katikati, tena na nafasi ya kujikuna.

"Miaka yote nauza mahema," muuzaji alipiga makofi, "leo ndiyo nimeona la wanne likimeza watano!"

Mama Pacha hakuona cha kupigia makofi. Pua yake ilikuwa imekabiliana na soksi ya mumewe.

Alijivuta nje, akajipanga upya. "Na mvua ikinyesha? Mabegi yatalala wapi?"

"Hapo mama umegusa penyewe," alisema muuzaji. "Tena watu wakijaa, hema hutoa jasho kwa ndani. Ukilala umeegemea ukuta, unaamka umelowa. Anayetaka raha huchukua kubwa kuliko idadi yake, au hugawa watu mahema mawili."

"Mawili!" Mama Pacha alilidaka neno kabla halijatua. "La watatu na la wawili. Wifi, wewe utachukua la watatu na hawa wanao. Wanavyokupenda!"

"Shangazi anatoa pipi," Nyundo alithibitisha.

Wifi alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayesikiliza mpango wa mtoto. "La watatu na la wawili, nimekubali. Ila umewapanga vibaya. Baba na watoto wake kule. Amewalaza lini huyu? Mimi na wewe huku. Tangu uolewe hatujawahi kukaa tukaongea, wifi yangu. Nina mambo ya kukueleza ya kufika asubuhi."

Mama Pacha aligeuka. Alimtazama mumewe, tegemeo lake, aliyelishwa na kufuliwa naye.

"Dada kasema kweli kabisa," alisema fundi bomba, haraka mno.

Jicho alilokatwa nalo lingeweza kupasua suruali ya jinzi.

"Hatununui bila kupima," alisema Mama Pacha, ili tu apate muda wa kufikiri.

Waliingia wawili kwenye hema la wawili. Lilikuwa hema zuri, hilo hakukataa: maturubai mawili, la ndani jepesi la kupitisha hewa na la nje la kuzuia mvua, mlango wa wavu wa mbu, na kibaraza kidogo cha kuwekea viatu. Wifi alijinyoosha, akashusha pumzi. "Sasa nikuambie habari ya jirani yangu yule mwenye geti jeusi. Siku moja mumewe karudi, kamkuta..."

Alimkuta nani, hakuna ajuaye hadi leo. Gari lilikataa kuwaka mara mbili, likawaka, likaanza mlima.

Hema lilitetemeka. Wateja waliacha kuangalia tochi wakasogea. Mzee mmoja mwenye fimbo alimwinamia muuzaji akauliza kwa heshima, "Hiyo pampu ya kujazia magodoro, mnauza na yenyewe?"

Fundi bomba alipiga magoti mlangoni. "Mke wangu," alinong'ona. "Pole."

"Ulijua."

"Nimelala naye chumba kimoja mpaka nikaota ndevu."

"Na bado ukaniuza."

"Sijakuuza. Nimekuazima tu, siku mbili."

Mama Pacha alimruka kama anayeruka dimbwi. Akatoka, akasimama katikati ya majani bandia akiwa na soksi, nywele zimesimama. Ndipo alipoliona. Lilikuwa pembeni, refu, la chini, jembamba kama foronya.

"Na lile?"

"La mtu mmoja, mama. Hupendwa na wapanda milima."

Hakungoja. Aliingia, akalala. Bega hadi bega, na vidole viwili vya kupumulia kila upande. Aliketi: kichwa hakikugusa juu. Alinyoosha miguu: vidole havikugusa ukuta. Alipotoka alikuwa mtu mwingine.

"Nachukua hili, na lile la watu wanne."

"La wanne?" Mumewe alishangaa. "Tuko watano."

"Hesabu. Wewe, Nyundo, Msumari, dada yako."

Breki zilishika ghafla. Wifi aliketi, kofia ya kusuka imemfunika jicho moja. "Nani kanitaja? Sijalala, nilikuwa nasikiliza."

Mama Pacha alikuwa na uongo mzuri tayari: mgongo unamuuma, daktari kasema alale peke yake. Ulikuwa umefika ncha ya ulimi. Akaona uvivu kuubeba mpaka ziwani na kurudi nao.

"Wifi, mimi nataka kulala. Usingizi wangu ni mwepesi, na wewe unakoroma."

Fundi bomba alianza kukagua kigingi kana kwamba kina hitilafu.

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Ni kweli mama," alisema mzee wa fimbo. "Hata mimi nilitaka kukununua."

Wifi aliwatazama mmoja mmoja, mpaka akamfikia mdogo wake, ambaye hakuthubutu kuinua uso. Kisha mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka vyuma vya hema vikagongana.

"Wale wasichana washenzi! Miaka yote wananiambia ni gari la taka linapita! Nikaandika hata barua, gari lipite mchana!" Alijifuta machozi. "Haya, umenikomesha, mtoto wa watu. Kalale. Sisi tutalala mzungu wa nne, na huyu miguu yake aisugue kwa brashi."

"Na mimi usingizi wangu je?" fundi bomba aliuliza.

"Wewe umezoea," walijibu wanawake wawili kwa pamoja.

Wakati muuzaji akihesabu vigingi na kukunja kamba, Mama Pacha alirudi ndani ya foronya yake kidogo tu, kuhakikisha zipu. Aliivuta hadi mwisho. Ilikwenda laini kama kisu kwenye siagi. Haukupita muda, kidole kikakwaruza turubai.

"Mama! Nyundo kanipiga!"

"Hili ni la mtu mmoja, mwanangu," sauti ilijibu kutoka ndani, tayari nzito. "Nenda lile la watu wengi, kamwambie baba yako."