Pengo Juu ya Kioo

Mume wangu anaweza kulala na njaa, lakini hawezi kulala na doa. Akiona picha ukutani imepinda kwa upana wa ukucha ataamka kuinyoosha, na kama picha ni ya jirani ataomba ruhusa kwanza, ila lazima ataomba. Kiwandani tulikokuwa tukifanya kazi walimpachika jina la Nukta, wala hakukasirika. Alilichukulia kama sifa.

Kiwanda kilikuwa cha kuchapa vitabu, na sisi wawili tulikuwa chumba cha prufu, yaani zile kurasa za majaribio zinazosomwa kabla kitabu hakijachapwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu wawili. Mmoja hushika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, kila kitu, hata alama: mkato, nukta, aya mpya, fungua mabano. Mwenzake hufuata kwenye prufu akiwa na kalamu nyekundu, na akiona tofauti husema "simama". Mimi nilikuwa msomaji, yeye mwenye kalamu. Wengine walichumbiana kwa barua. Sisi tulichumbiana kwa kitabu cha hesabu cha darasa la sita, na mpaka leo najua majibu ya nyuma. Kiwanda kilipofungwa tukahamishia kazi kwenye meza ya nyumbani. Kampuni ya vitabu ikawa inamletea prufu kwa bahasha, tunasoma vilevile, naye anarudisha.

Mwaka huu bahasha zikakoma. Akaja mtu na boksi, ndani yake kompyuta mpakato mpya, nyembamba kama sinia, pamoja na barua ya mhariri mpya. Mhariri huyo ni binti mwenye adabu, hata barua aliianza kwa shikamoo. Alisema prufu za karatasi zimekwisha, sasa kila kitu kitasomwa kwenye kioo. Mzee ajaribu kitabu kimoja. Kikienda vizuri, vingine vitafuata. Kikimshinda, hakuna ubaya, atapumzika na kazi watapewa vijana.

Mume wangu alilisoma neno "atapumzika" mara tatu. Mimi mara moja ilinitosha. Niseme wazi: kazi yenyewe nisingeililia. Nilichoogopa kupoteza ni zile saa za mchana, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu, nasoma na yeye anasikiliza. Ukituondolea hilo tunabaki wazee wawili wanaoulizana kama chakula kimeiva.

Tukaiwasha. Kioo kilikuwa kizuri kweli, herufi zimekaa kama zimechongwa. Lakini juu, katikati kabisa, palikuwa na kipande cheusi kilichomegwa, mahali walipoiweka kamera. Kioo chote kinang'aa, hapo tu pana pengo.

Mzee akasema imekuja na kasoro. Akampigia simu mhariri, akaambiwa kompyuta zote za aina ile ziko hivyo, ndivyo zilivyotengenezwa. Akashukuru, akakata simu, akaniambia kwamba basi wote wameuziwa kasoro.

Siku mbili hakusoma hata ukurasa mmoja. Macho yalikuwa yakishuka hadi mstari wa tatu, kisha yanapanda yenyewe kule juu. Maisha yake yote ameyafundisha kutafuta weusi usiostahili kuwepo, sasa angeyaambia nini? Nilimshauri ajifanye halioni. Akaniuliza kama mimi naweza kujifanya simsikii mtu anayetafuna karibu na sikio langu. Hapo alinibana, maana mtafunaji wa nyumba hii ni yeye mwenyewe.

Alijaribu kuweka picha nyeusi tii iwe mandharinyuma ya kioo. Pengo likamezwa, tukapongezana, akafungua ukurasa mweupe na pengo likarudi pale pale. Siku ya tatu akatoa mkasi. Alichukua jalada gumu jeusi la faili kuukuu, akapima kwa rula, akakata utepe mmoja mrefu na kuubandika juu ya kioo kwa gundi, kutoka pembe hadi pembe. Kioo kikabaki na ukingo mweusi ulionyooka, na pengo huwezi kujua liliwahi kuwa wapi. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akatabasamu. Tabasamu hilo nililiona mara ya mwisho siku ya harusi yetu, na siku hiyo pia kila kitu kilikuwa kimenyooka.

Basi tukaanza. Kitabu kilikuwa cha ufugaji wa nyuki. Mswada niliusoma kwenye simu yangu, naye akaukuza ukurasa wa prufu hadi ukajaa kioo kizima, apate herufi kubwa. Tulisoma siku tisa. Nilijifunza kwamba malkia halali peke yake hata siku moja, na kwamba nyuki hawapendi harufu ya jasho, jambo ambalo Mzee alilinukuu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Madirisha wazi, chai pembeni, sauti yangu ikikwama napewa maji. Nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha, si kwamba niligundua baadaye.

Mhariri alitupigia mara mbili kwa video. Sisi tulimwona, lakini yeye akasema upande wake anaona giza tupu. Mzee akalaumu mtandao. Alisema kweli kadiri alivyojua, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba pamoja na pengo tulifunika na jicho la kamera. Mimi wakati wa simu hizo nilikaa kimya, hayakuwa maongezi yangu.

Kitabu kikiisha, mwenye kalamu hufanya mzunguko wa mwisho peke yake. Haangalii tena maneno; anapitia vichwa vya kurasa tu, ile mistari midogo ya juu inayotaja jina la sura na namba ya ukurasa. Mzee akapekua kitabu chote cha nyuki, hakuona kichwa hata kimoja. Hapo akawaka. Akalalamika kwamba vijana wa siku hizi wanatengeneza kitabu kisicho na kichwa wala namba, msomaji ajue yuko wapi kwa kunusa? Akamwandikia mhariri orodha ya makosa, na jambo la kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, likawa hilo la vichwa kukosekana. Akatuma. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Asubuhi yake nilikuwa nafuta vumbi mezani, kompyuta imeachwa inawaka. Kitambaa kikanasa ncha ya utepe, gundi ikaachia, upande mmoja ukaning'inia. Chini yake, juu ya ukurasa, pameandikwa vizuri kabisa: Kurina Asali, na pembeni namba tisini na nne.

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikakumbuka ile orodha na zile herufi kubwa, kicheko kikanikauka mdomoni. Ukurasa wa tisini na nne ulikuwa wa sura ya magonjwa. Niliukumbuka, niliusoma mimi: utitiri, ukungu, mabuu yaliyooza. Na juu yake pameandikwa kurina asali.

Nilikaa na kitambaa mkononi nikishindana na nafsi. Ningeweza kuurudisha ule utepe na kunyamaza. Lakini sijawahi kuruka neno katika usomaji wangu wote, na sikuona sababu ya kuanzia hapo. Nikamwita.

Aliangalia muda mrefu. Akaubandua utepe wote, akauweka kando, akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kuhesabu vichwa kwa kidole. Kuanzia ukurasa wa themanini na saba hadi mia moja kumi na nane, sura nzima ya magonjwa ilikuwa imebeba jina la sura ya asali. Kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelikamata.

"Nimezeeka," akasema.

Nikamjibu kwamba hakuzeeka, alijifunga kitambaa cha macho mwenyewe, na mwenye kujifunga anaweza kujifungua. Hakucheka. Akasema atatuma barua ya pili, fupi, ya kuongezea marekebisho machache yaliyosahaulika, bila kueleza kisa. Nikamwambia huko ni kumficha ukweli yule binti, naye hajamkosea lolote. Tukanuniana. Tulikuwa bado tumenuna kompyuta ilipoanza kulia. Alikuwa mhariri, kwa video.

Mzee alitengeneza kola ya shati ndipo akapokea. Mhariri akatokea, akatusalimia, halafu akasita. Akasema leo anaona vizuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanyia mazoezi maneno magumu. Akaanza kusema amepokea orodha, amesoma jambo la kwanza, na amefikiri sana jinsi ya kulisema, kwa kuwa anamheshimu Mzee kama baba yake.

Mume wangu akamkatiza. Sikutegemea. Akapiga moyo konde na kumweleza yote: pengo, mkasi, jalada la faili, gundi, vichwa alivyovifunika mwenyewe kisha akamlaumu aliyeviandika. Akamtajia kurasa zenye kosa, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Akamaliza kwa kusema kwamba kama ni kupumzika, atapumzika, ila fundi aliyezipanga kurasa aombwe radhi kwa niaba yake.

Mhariri aliinama, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alipoinua uso alikuwa anafuta machozi, lakini ya kicheko, na akaomba samahani. Akatueleza kwamba ndani ya kompyuta ile kuna mpangilio wa kusogeza ukurasa wote chini ya kamera, na hapo juu panakuwa peusi tii bila gundi wala mkasi. Akamwelekeza abonyeze wapi. Mzee akabonyeza. Pengo likatoweka, na kichwa cha ukurasa kikabaki mahali pake.

"Hawa watu wangeandika kwenye boksi," Mzee akanung'unika.

Kisha mhariri akauliza, "Na huyo mama hapo pembeni ni nani?"

Nilikuwa nimejisahau ndani ya kamera. Nikataka kusogea, lakini Mzee alinishika mkono.

"Huyu ndiye anayesoma," akasema. "Mimi nasikiliza tu."

Binti hakuelewa. Walimfundisha kwamba prufu husomwa kwa macho ya mtu mmoja, kimya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sisi tuko wawili, wala kumwambia mhariri aliyekuwepo kabla yake miaka yote hiyo. Mzee akamweleza, mhariri akashika tama. Halafu akasema ana ukurasa mmoja wa kitabu kingine, cha mafunzo ya umeme wa nyumbani. Ameshausoma yeye, ameusoma na mwenzake, kesho kitabu kinaingia mtamboni. Je, tungemsomea huo, kama tunavyosoma siku zote, yeye asikie?

Mswada ukaingia kwenye simu yangu, prufu kwenye kioo cha Mzee. Nilijua tunapimwa, na nilijua kinachopimwa si macho yake tu, ni zile saa zetu za mchana. Nikanywa maji, nikaanza.

"Herufi kubwa, Hatua ya kwanza, nuktambili, hakikisha una viatu vya mpira, nukta. Aya mpya. Hatua ya pili, nuktambili, andaa koleo na taa ya mkononi, nukta. Aya mpya. Hatua ya tatu, nuktambili, zima swichi kuu..."

"Simama," akasema Mzee.

Nikasimama. Akasoma kilichokuwa kwenye kioo, pole pole. Hatua ya tatu, shika waya. Hatua ya nne, zima swichi kuu.

Mhariri alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Alipokitoa alisema, kwa sauti ndogo, "Endeleeni." Tukaendelea. Tulimaliza ukurasa mzima bila kujua tumefikaje mwisho, na yeye hakusogea kitini.

Tulipofunga akasema kitabu hicho hakitaingia mtamboni kesho, kitakuja kwetu kwanza, na miswada yote ijayo atanitumia nakala yangu ya karatasi ili nisiumie macho kwenye simu. Nilimshukuru. Nilitaka kuinuka niende jikoni nikalie huko kwa nafasi yangu.

Lakini alikuwa bado ana swali. Ukurasa wa pili wa kila kitabu huorodhesha waliokishughulikia, na cha nyuki hakijachapwa bado. Aliuliza kwa upole aandike jina gani la mama, kando ya lile la Mzee.

Sikuwahi kufungua mdomo. Mume wangu alijisogeza mbele hadi uso wake ukajaa kamera, akalitaja jina langu herufi moja moja, herufi kubwa mahali pake, kwa sauti ile ya chumba cha prufu. Kisha akamwambia mhariri alisome tena kwa sauti, ahakikishe halina kosa. Binti akalisoma. Mzee akamfanya alirudie mara ya pili.