Mti Niliouita Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota mti wa podo umeingia sebuleni kwangu. Ulipiga hodi vizuri tu, ukainama mlangoni, matawi yakakwangua dari. Mke wangu Rukia akaukaribisha kiti. Ukakaa, kiti kikavunjika. Nikautandikia mkeka, maana mgeni ni mgeni.

"Bwana misitu," ukasema, "ni wewe uliyenipaka rangi nyekundu?"

"Ni mimi, mzee."

Ndiyo kazi yangu huku Shume. Kabla wakataji hawajaingia, nachagua podo mbili tatu, nazipaka rangi nyekundu, zibaki zitoe mbegu, msitu uote upya wenyewe. Naziita miti mama. Nyingine zote zinaangushwa.

"Miaka sita nimesimama pale juu peke yangu. Umeona mche hata mmoja?"

"Hapana."

"Na hutauona. Mimi ni dume."

Rukia akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi jasho likanitoka. Podo zina dume na jike, nilifundishwa chuoni kabisa! Lakini miaka yote nachagua iliyonyooka, kama mtu anayenunua nguzo. Niliona aibu, jamani.

Mara tuko kilimani, baridi inauma. Visiki vimepanga foleni ya kliniki, kila kimoja kina kadi ya mtoto, tupu.

"Watoto wetu wako wapi?" vinauliza.

"Dirisha namba nne," najibu.

Vinakwenda. Dirisha namba nne nimekaa mimi.

"Mzee, nisaidie," nikauambia ule mti. "Jike liko wapi?"

"Mlima mzima limebaki moja, bondeni, kwenye kijito. Limepinda. Jana umelipita, ukapaka rangi madume wenzangu watatu. Asubuhi mkataji Hoza na msumeno wake wanaanza na hilo."

"Nitalijuaje?"

"Lina mbegu, bwana wee! Hii ni yake. Fungua mdomo."

Nikafungua.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka. Rukia ananitazama.

"Baba Sauda, umemwomba nani radhi usiku kucha?"

Nikataka kumjibu, nikashindwa. Chini ya ulimi kulikuwa na kitu kigumu. Nikakitema kiganjani: mbegu ya podo, mbichi, ina kichipukizi cheupe.

Bondeni msumeno ukakohoa mara moja, ukazimika. Hoza huwa anauwasha mara tatu ndipo ushike.

Nikanyakua kopo la rangi, nikatoka mbio pekupeku. Ukakohoa mara ya pili.