Baba Alivyopanga Marejeleo

Baba yangu ni mbishi, na mimi nimemrithi, kwa hiyo meza moja ilituwia ndogo.

Amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na sasa, mvi kichwa kizima, anamalizia shahada ya uzamili. Msimamizi ameshamrudishia tasnifu mara mbili, kisa marejeleo. Akikosea tena, mahafali ya mwaka huu yatampita, na mwakani anastaafu. Anataka wanafunzi wake wamwone na joho wakati bado ni mwalimu wao. Ndipo akaniita mimi, bintiye mkutubi.

Akanipa karatasi alizochapisha. Lo! Mfuatano wa alfabeti haukuonekana hata kwa kuutafuta.

"Baba, hii orodha umeipangaje?"

"Kwa umri. Wakubwa wametangulia."

"Umri?"

"Sasa kijana wa juzi nimkalishe juu ya profesa aliyemfundisha? Adabu iko wapi?"

Nilicheka mpaka miwani ikaniteremka, halafu nikapandwa na hasira. Nikamwambia kanuni haijui shikamoo. Tukapanga upya, yeye akiwaomba radhi wazee mmoja mmoja.

Tukafika kwenye tovuti. Kote ameandika "mtandaoni", basi.

"Mtandaoni wapi, baba? Ndiyo kumwelekeza mgeni kwamba kwenu ni mjini!"

Nikamwonyesha: mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la tovuti, anwani yake, na siku uliyoisoma, maana kurasa za mtandao huhama bila kuaga. Makala moja haikuwa na mwandishi. Nikataka kuifuta.

"Weee! Imenifundisha, halafu niitupe?"

Hapo alinishinda. Tukaianza kwa kichwa chake.

Ukabaki mstari wa kwanza kabisa, ambao muda wote kikombe chake cha chai kilikuwa kimeukalia. Nikakisogeza. *Binti yangu, mkutubi. Mazungumzo ya simu, karibu kila jioni.*

"Mimi nawatangulia maprofesa?"

"Kwa kunivumilia, mama, hakuna mkubwa wako."

"Mazungumzo ya simu hayaingii kwenye orodha, baba. Utarudishiwa."

"Basi nirudishiwe."

"Hurudishiwi! Watoto wanakusubiri na joho lako."

Nikaufuta mstari ule kwenye kompyuta kwa mkono wangu, machozi yananilengalenga.

Tasnifu ikapokelewa. Ile karatasi yenye makosa, na duara la chai pale juu, sikuitupa. Iko kwenye pochi yangu, na anayetaka kuiona aniombe kwa adabu.